Bati kwanza, jipsamu baadaye

Dada, umeuliza kama hela uliyonayo uanze na jipsamu ya dari na pevingi, yaani vitofali vya uwanjani, au ubadilishe bati. Bati kwanza, tafadhali. Kazi yangu ni kukagua nyumba hapa Dar, na ninachokutana nacho sana ni dari nzuri ya jipsamu chini ya paa linalovuja. Jipsamu ikinywa maji inalegea, inaota ukungu, na masika yakikolea inadondoka vipande. Kibaya zaidi, inaficha kenchi, mbao zinazobeba paa, zinazooza, unakuja kujua wakati mbao zimeshakwisha.

Pevingi si mbaya. Ila wengi wanaziba uwanja wote na kuinua usawa wa nje ukaupita wa sakafu ya ndani. Mvua ikija, maji yanaingia sebuleni, hasa nyumba za mabondeni. Mteremko uelekee mbali na nyumba, na uache sehemu ya udongo maji yazame.

Ukuta unaotoa chumvi chini usiupake rangi ya mafuta. Unyevu unapanda kutoka ardhini; ukiuziba hapo utatokea juu zaidi. Tafuta chanzo kwanza, ndipo plasta mpya.

Halafu umeme: kama una hita bafuni, fundi mwenye leseni apime waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kabla hujanunua hata kigae kimoja. Hili nakusihi.

Na grili za madirisha, chumba cha watoto weka moja inayoweza kufunguliwa na aliye ndani. Moto ukiwaka mlangoni, watatokea wapi?