Nailoni shambani, kreti sokoni: maswali ya wasomaji

Nailoni nyeusi niliyotandaza kwenye matuta ya nyanya imechanikachanika. Nikishavuna, naweza kuichoma palepale?

Hapana, tafadhali. Plastiki hutengenezwa kwa mafuta na gesi ya ardhini. Ukiichoma, hewa ya ukaa inapaa angani pamoja na masizi meusi, na moshi wenye sumu wanauvuta watoto wako kwanza. Kuifukia kwa jembe nako ni kosa. Haiozi, inakatikakatika kuwa chembe zinazobaki udongoni mwako.

Itoe mara tu baada ya mchumo wa mwisho, maana kila wiki ya jua inazidi kuikausha. Kata mashina usawa wa ardhi, lowesha tuta siku moja kabla, fukua kingo za pande zote mbili, kisha viringisha taratibu kuanzia mwisho mmoja. Kung'uta udongo: unaweza kuzidi uzito wa nailoni yenyewe, na mnunuzi wa plastiki chakavu ataikataa. Msimu ujao usinunue nyembamba ya unene wa maikroni 15 kwa sababu ya bei. Ya 25 au zaidi hutoka ikiwa nzima. Kama nyasi kavu zinapatikana, tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10 bila kugusa shina, na nailoni uiache dukani.

Makopo ya viuatilifu je? Majirani wanayaomba ya kuwekea mafuta ya taa.

Usimpe mtu. Kopo likiisha, papo hapo wakati unachanganya dawa, tia maji robo ya kopo, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya bomba la kupulizia. Rudia hadi zitimie mara tatu. Ukingoja kesho, dawa hukaukia ndani na haitoki tena. Kisha litoboe kitako lisitumike tena, na umuulize bwana shamba panapokusanywa.

Nasafirisha nyanya kutoka Ilula hadi Dar es Salaam. Tenga ni la asili, kreti ni plastiki. Lipi lina madhara kidogo?

Kreti, ila kwa sharti moja: irudi itumike tena. Tenga likijazwa lumbesa, yaani kupita ukingo, nyanya za chini hupasuka, maji yake yanaozesha za jirani, na zilizooza hutoa jalalani gesi ya methani, inayoongeza joto la dunia. Mbolea, maji na dizeli vyote vimepotea bure. Kreti hubeba kilo 20 hadi 25 na uzito wa iliyo juu unashikwa na kuta, si na nyanya. Usijaze kupita ukingo. Ioshe kwa sabuni, kisha kwa mililita 60 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 katika lita 10 za maji, na uianike kivulini. Jua huifanya ipasuke.

Viriba vya miche vimo kwenye katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019?

Havimo. Katazo la Tanzania ni la mifuko ya kubebea; vifungashio vya kilimo viliachwa nje. Ila usipande mche pamoja na kiriba: mizizi itajizungusha humo na mti utadumaa. Kichane ubavuni, ukitoe, uondoke nacho.