Maswali na Majibu: Rekodi Nzuri Huanzia Juu ya Bati

Mvua zimerudi hapa Mwanza, na maswali ya kuunganisha dishi na kompyuta ili kurekodi vipindi vya TV yamerudi pamoja nazo. Nimechagua yanayowahusu wengi. Mnaoandika "mbona haifanyi kazi" tu, bila kutaja king'amuzi mlichonacho, kifaa mlichonunua wala programu mnayotumia, andikeni upya. Siwezi kutibu ugonjwa nisiotajiwa.

*Nimenunua kifaa cha kunasa picha kwa HDMI. Nikikiunganisha kati ya king'amuzi na laptopu naona giza tupu. Nimeuziwa kibovu?* – Msomaji, Igoma

Huenda ni kizima kabisa. Ving'amuzi vingi vya kulipia hufunga njia ya HDMI kwa ulinzi unaoitwa HDCP. King'amuzi huulizana kwanza na kifaa cha upande wa pili, na kisipotambuliwa kuwa ni televisheni au kioo kinachoruhusiwa, picha haitoki. Jaribu kuchomeka kamera au kompyuta nyingine. Ukiona picha, kifaa chako hakina kosa.

Sasa geuza king'amuzi uangalie mgongoni. Kikiwa na matundu ya AV, njano, nyeupe na nyekundu, mara nyingi unaweza kurekodi kupitia hapo kwa kifaa cha kunasa AV, ambacho ni kingine, si hicho ulichonacho. Picha itakuwa ya mistari 576, si HD. Kwa taarifa ya habari, tamthilia au mahubiri ya Jumapili inatosha. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila mara anayeuliza ameshalipa. Kabla ya kununua, beba king'amuzi chako hadi dukani kijaribiwe mbele ya macho yako. Muuzaji akikataa, ondoka na pesa yako.

*Nimeweka spilita ili waya mmoja wa dishi uende kwenye king'amuzi cha sebuleni na mwingine kwenye kadi ya kupokea dishi iliyo ndani ya kompyuta. Mdogo wangu akibadili chaneli, rekodi yangu inakufa. Tatizo ni programu?* – Msomaji, Nyakato

Programu haina hatia. LNB, kile kipokezi cha mawimbi kilicho mbele ya dishi, huendeshwa na umeme unaopanda kwenye waya uleule unaoshusha picha. Volti 13 huiambia ichukue mawimbi ya wima, volti 18 ya mlalo. Mlio wa kilohezi 22 huihamisha kutoka bendi ya chini kwenda ya juu, na mpaka wa bendi hizo ni gigahezi 11.7. LNB ya tundu moja hufuata amri moja kwa wakati mmoja. Wewe unataka wima, mdogo wako anataka mlalo, na anayeomba volti 18 ndiye anayeshinda. Hakuna spilita duniani itakayowapatanisha.

Nunua LNB ya matundu mawili, ile ambayo kila tundu linajitegemea, kisha shusha waya wa pili kutoka juu hadi kwenye kompyuta. Usiunge waya mbovu wa zamani kwa utepe mweusi. Vichwa vya waya vilivyo nje vifunikwe kwa mpira usiopitisha maji, kwa sababu unyevu wa ziwa hapa hula shaba kimyakimya. Ukifungua kichwa ukakuta kijani, hapo ndipo ubora wako unapopotelea, na hakuna kompyuta itakayourudisha.

*Kadi yangu ya TV haioni chaneli hata moja ya dishi. Boksi limeandikwa DVB-T2.* – Msomaji, Sengerema

T2 ni ya antena. Ya dishi huandikwa S au S2. Irudishe, na safari nyingine soma boksi kabla ya kulipa.

*Kompyuta yangu ni ya zamani. Itaweza kurekodi HD?* – Msomaji, Magu

Ukitumia kadi ya dishi, ndiyo. Kadi hupokea data iliyokwisha kubanwa huko studio, na kompyuta inaandika tu kwenye diski. Kazi nzito ni kuitazama hiyo HD, si kuihifadhi. Ukinasa kwa AV hali inageuka, maana hapo kompyuta ndiyo inayobana picha papo hapo, na mashine dhaifu itarukaruka.

*Nikirekodi mechi ya HD, rekodi inakatika kipindi cha pili, kila mara karibu dakika ileile. Nimebadilisha programu tatu.* – Msomaji, Kirumba

Kukatika mahali palepale ndiko kunakokupa jibu. Diski yako ya nje imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Chaneli ya HD inayotiririka kwa megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa. Ukianza kurekodi mpira unapoanza, ukomo unaufikia baada ya saa moja na dakika kumi hivi. Ondoa mapumziko, upo dakika za mwanzo za hamsini na kitu. Hamisha vitu vyako pembeni, umbiza diski upya kwa NTFS au exFAT, urudie programu yako ya kwanza. Chaneli za kawaida zisizo HD huchukua kama gigabaiti moja na nusu hadi mbili kwa saa, ndiyo maana huko hukuona tatizo.

*Nyumba yetu iko juu kwenye mawe. Radi ilipiga jirani, na asubuhi kadi ya dishi na kompyuta nzima vilikuwa vimekufa, ingawa kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye kizuia umeme. Nifanye nini nisirudie hasara?* – Msomaji, Mabatini

Pole sana. Swali lako ningependa lisomwe na kila mwenye dishi kuanzia Mabatini hadi Igogo.

Kizuia umeme kililinda mlango mmoja, wa ukutani. Ulikuwa na mlango wa pili, waya wa dishi, unaotoka kwenye chuma kilicho juu ya paa hadi ndani kabisa ya kompyuta. King'amuzi kikiungua umepoteza king'amuzi. Ukiunganisha dishi na kompyuta umeweka pia picha za familia, hesabu za duka na kazi za shule za watoto kwenye njia ya radi.

Na sisi wa Mwanza tunaishi kando ya moja ya maeneo yenye radi nyingi duniani. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana juu ya maji yenye joto, ikapanda na kujenga mawingu makubwa. Ndiyo maana dhoruba za ziwani hupamba moto usiku wa manane hadi alfajiri. Sasa fikirini rekodi nyingi hufanyika lini. Mtu anapanga mechi ya Ulaya ya saa tano usiku, anaacha kompyuta imeunganishwa na dishi, analala. Saa mbaya kuliko zote ndiyo aliyoichagua.

Kwa hiyo, kwanza, wingu likijikusanya upande wa ziwa, zima kompyuta, kisha ng'oa waya wa dishi kwenye kompyuta na plagi ya ukutani, vyote viwili, kabla ngurumo hazijafika. Dhoruba ikishakuwa juu yenu usiguse waya. Mechi itarudiwa.

Pili, ethi. Nguzo ya dishi na ganda la nje la waya viungwe kwenye ethi kabla waya haujaingia ndani, na ethi hiyo iungwe pamoja na ya umeme wa nyumba. Ethi mbili zisizoungana ni hatari: radi ikipiga karibu, kila moja hupanda kwa volti yake, na tofauti hiyo hupita ndani ya kompyuta. Najua kwenye mawe nondo ya shaba haizami, na mafundi wengine huisimamisha kwenye ufa wa jiwe wakaenda zao. Hiyo si ethi. Pasipo na udongo wa kwenda chini, waya mtupu wa shaba hulazwa kwa urefu kwenye mtaro wa udongo ulioko, penye unyevunyevu. Mwite fundi umeme mwenye leseni, naye apime kwa kifaa mbele yako, asikadirie kwa macho. Ethi nzuri hupunguza madhara ya radi ya karibu. Radi ya moja kwa moja haizuiliki kwa hiyo, ndiyo maana kung'oa waya kunabaki pale pale.

Tatu, usifunge wala kufungua waya wa dishi wakati kompyuta imewashwa. Zile volti 13 au 18 zimo kwenye waya, na ncha ya kati ikigusa ganda, kadi inaweza kufa bila radi yoyote.

*Picha inapotea kila mvua ikinyesha. Niongeze kifaa cha kukuza mawimbi?* – Msomaji, Nyegezi

Usiongeze. Kikuzaji kilichowekwa chini hukuza na kelele zake. Mawimbi ya Ku, yale ya madishi madogo, gigahezi 10.7 hadi 12.75, hunyonywa na matone ya mvua, na dawa ni kukusanya mengi zaidi juu. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara mbili na robo ya lile la sentimita 60. Kabla ya kununua, mwite fundi alielekeze upya hilo ulilonalo kwa kipimo, kwa sababu dishi lililopinda kidogo huonyesha vizuri siku ya jua na kukuangusha siku ya mvua. Dishi kubwa la mawimbi ya C halisumbuliwi sana na mvua, ila linataka uwanja.

*Kuna kijana anauza programu ya kufungua chaneli zote za kulipia kwenye kompyuta.* – Msomaji, Kisesa

Anauza wizi, na mara nyingi virusi ndani yake. Mwache.

*Nina kibanda umiza. Naweza kurekodi mechi kwa kompyuta nikazionyesha kesho yake kwa kiingilio kidogo?* – Msomaji, Buhongwa

Hapana, kaka. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ina nafasi kwa nakala ya matumizi yako binafsi. Ukishatoza kiingilio umetoka hapo, unahitaji ruhusa ya mwenye haki. Malipo ya king'amuzi cha nyumbani hayakupi ruhusa hiyo hata kwa mechi inayorushwa moja kwa moja. Kaulize watoa huduma kuhusu vifurushi vya biashara.

*Shikamoo. Nimerekodi kwenye flashi kupitia king'amuzi chenyewe, ila kompyuta haifungui faili.* – Msomaji, Pasiansi

Marahaba. Kama ni king'amuzi cha kulipia, rekodi imefungwa kwa king'amuzi hichohicho na haitafunguka kwingine. Kama ni cha chaneli za bure, faili huwa ni ya aina ya TS. Ijaribu kwa programu ya VLC. Na ikifunguka, huhitaji kadi wala kifaa kingine. Hifadhi pesa yako, au ongezea LNB nzuri.

*Huku kwetu tunatumia sola. Betri ya volti 12, ampea-saa 100. Nitarekodi kwa muda gani?* – Msomaji, Ukerewe

Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, hivyo unazo wati-saa kama 600. Laptopu inayorekodi huku kioo kimezimwa, pamoja na LNB, nikiifanyia hesabu ya wati 40, ni saa 15 kwenye karatasi. Inveta hula sehemu yake, na betri iliyozeeka hula zaidi, kwa hiyo panga saa 10. Ukipata chaja ya laptopu inayotumia volti 12 moja kwa moja, inveta utaiacha izimwe.