Vitabu vipya vya Waaustralia: mimi niliingilia mlango wa punda

Mdogo wangu, umeuliza hivi: unahamia Melbourne mwezi ujao, Australia umeisoma kwenye fomu za viza tu, na sasa unataka vitabu vya waandishi wa huku vilivyotoka karibuni, riwaya na visivyo riwaya, na pa kuanzia. Waliotangulia kukujibu wamekupa orodha ya washindi wa tuzo. Orodha hiyo sina ugomvi nayo, ila mimi ilinitoa jasho, na naona unaelekezwa njia ileile.

Mimi ni mtu wa Lamu. Huu ni mwaka wangu wa tisa magharibi mwa Melbourne, nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mwaka 2024 mwandishi Alexis Wright alichukua tuzo mbili kubwa za vitabu za huku, Stella kisha Miles Franklin, kwa riwaya moja, Praiseworthy. Nikaenda maktaba ya mtaa, nikaandikwa kwenye foleni, kitabu kikaja: kurasa zaidi ya 700. Nikasoma kama 40 hivi. Sentensi haziishi, zinarudi nyuma, zinazunguka jambo lile lile, mara unasikia sauti ya mtu wa mtaani, mara ya afisa wa serikali. Muda wa kuazima ukaisha nikakirudisha, na iliniuma, kwa sababu nilidhani Kiingereza changu ndicho kilichopungua.

Kilichonirudisha ni punda. Mfanyakazi mwenzangu aliyekimaliza aliniuliza tukiwa kwenye chai, saa tisa ya usiku: "Kwani hukufika kwa yule mtu wa punda?" Kumbe mhusika mkubwa, Cause Man Steel, ni Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, wa mji mdogo wa kaskazini uliofunikwa na ukungu mzito usioondoka. Anaona dunia inaungua na enzi za petroli zinakwisha, naye anapiga hesabu yake. Bara hili lina punda wengi wa porini, wazao wa wale walioletwa na wakoloni kubeba mizigo, wakaachwa magari yalipoingia. Atawakusanya, ataanzisha shirika la usafiri, na watu wake watasimama kwa miguu yao. Anazunguka nyikani kumtafuta punda mmoja wa rangi ya platinamu, wa kuwa kiongozi wa wengine. Mji mzima unamwona amerukwa na akili.

Sasa fikiria mtu aliyekulia Lamu anasoma hayo. Babu yangu mzaa mama alitulisha kwa punda wawili. Mchanga wa kujengea ulishushwa kwenye jahazi, ukatiwa kwenye shogi, yale matandiko ya mizigo ya mgongoni, na punda akapanda nao kichochoroni huku babu nyuma akipiga kelele "simila, simila", watu wajibanze ukutani. Kuta za mtaa wetu wa Mkomani zina mikwaruzo kwenye kimo cha shogi. Nilipokuwa mdogo nilipitisha kidole humo nikienda chuoni kusoma Kurani. Tuna hospitali ya punda tangu 1987. Kwa hiyo Cause Man Steel alipokuwa akipiga hesabu zake, mimi nilikuwa nahesabu naye: mzigo kiasi gani, maji wapi, na punda akigoma utafanyaje. Sikumwona kichaa hata kidogo. Nilimwona babu.

Mara ya pili nilikisoma kwa sauti. Jikoni, asubuhi nikitoka kazini, kurasa kumi kumi, mume wangu akipika uji. Hapo ndipo kilipofunguka. Wright ni wa jamii ya Waaborijini iitwayo Waanyi, ya upande wa Ghuba ya Carpentaria, na sentensi zake ni za mtu anayesimulia mbele ya watu: anarudia, anasukuma, anapandisha, anashusha. Sisi tuliosikiliza tenzi zikisomwa usiku kucha tunaujua mwendo huo. Jicho linachoka upesi, lakini sikio linaukubali.

Lakini kisikupumbaze kwa punda ukadhani ni hadithi ya kuburudisha. Cause ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa anaitwa Aboriginal Sovereignty, yaani mamlaka ya Waaborijini juu ya nchi yao. Jina kamili la mtoto ndilo hilo. Mdogo ana miaka minane, anaitwa Tommyhawk. Hapa ujue historia kidogo: mwaka 2007 serikali ya Australia iliingilia jamii za Waaborijini wa Northern Territory, eneo la kaskazini, ikapeleka hadi wanajeshi, ikasimamisha huko sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi, kwa hoja ya kuwalinda watoto. Yule mdogo anashinda kwenye vyombo vya habari vinavyosema wanaume wa kwao wote ni hatari kwa watoto, naye anaamini. Anamwogopa baba yake. Anatamani waziri mzungu wa Canberra, mji mkuu, aje amchukue awe mama yake. Na anamsemea kaka yake kwa polisi. Kaka anaingia baharini ili afe. Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea kwa sauti, mume wangu akakichukua kitabu mkononi mwangu akamalizia ukurasa.

Kwa hiyo ushauri wangu: Praiseworthy kiwe cha pili au cha tatu, na ukisome kwa sauti. Cha kwanza kiwe The Season cha Helen Garner, kilichotoka 2024. Si riwaya. Garner alizaliwa 1942, na kitabu kinasimulia msimu mmoja aliomfuata mjukuu wake na timu yake ya futi, yaani mpira wa Kiaustralia, ya vijana wa chini ya miaka 16, papa hapa Melbourne. Bibi anasimama pembeni ya uwanja kwenye baridi, anatazama wavulana wanavyogeuka wanaume, na anaandika. Ni kitabu chembamba na Kiingereza chake ni safi kama maji ya kisima.

Mimi nilikihitaji kuliko wewe. Mwanangu alipoanza kucheza futi sikuelewa kitu: mpira una umbo la yai, kila upande una nguzo nne, ukipita kati ya mbili za katikati pointi sita, ukipita pembeni pointi moja. Nilikuwa nakaa garini na hita imewashwa, simu mkononi. Nilipokisoma nikaona haya. Jumamosi iliyofuata nilishuka, nikasimama kwenye uzio na wale wazazi wengine, na mwanangu aliponiona akajifanya hakuniona, huku anatabasamu. Garner huyohuyo alishinda Baillie Gifford, tuzo ya Uingereza ya vitabu visivyo riwaya, mwaka 2025 kwa shajara zake za 1978 hadi 1998. Hizo ni nene na ni za moyo mzito, hasa ndoa inapovunjika, ziache kwanza.

Vingine nitavipitia haraka. Theory & Practice cha Michelle de Kretser kilishinda Stella 2025: binti mwenye asili ya Sri Lanka, Melbourne ya mwaka 1986, anampenda mwandishi Virginia Woolf kisha anakuta kwenye shajara zake alivyomdharau mtu wa Ceylon, jina la zamani la Sri Lanka. Yeyote aliyefundishwa fasihi kwa vitabu vya wakoloni ataelewa maumivu hayo bila kufafanuliwa. Question 7 cha Richard Flanagan si riwaya, na kimenikaa kifuani: baba yake alikuwa mateka wa vita Japani bomu lilipoangukia Hiroshima, vita vikaisha, akapona, na mwana anajiuliza inakuwaje uhai wake umetokana na vifo vya watu wote wale. Stone Yard Devotional cha Charlotte Wood kinahusu mwanamke asiyeamini Mungu anayekwenda kuishi na watawa, na panya wanavamia nyumba yote. Mimi panya walinishinda, nikaruka kurasa. Mwenzangu wa kazini anasema ndicho bora kuliko vyote.

Kuhusu fedha, usinunue. Riwaya mpya dukani inakaribia dola 35. Jiandikishe maktaba ya halmashauri unakokaa wiki ya kwanza tu, peleka kitambulisho na barua yenye anwani yako; kadi ni bure, na kitabu kipya wasipokuwa nacho wanakuwekea kwenye foleni. The Season usikisubiri huko. Nakala yangu ipo, jalada lina tope kidogo kwa sababu naibeba uwanjani. Ukifika niandikie hapa, mechi ni Jumamosi asubuhi, nitakuja nayo.