Mikono ile si yako: kwa wasaidizi wapya wa wanafunzi viziwi wasioona

Wiki yangu ya kwanza kwenye kitengo cha viziwi wasioona, nilimshika binti wa miaka tisa viganja vyote viwili nikavitumbukiza kwenye beseni la maji, anawe kabla ya uji. Nilidhani namsaidia. Alipiga kelele, akalipindua beseni, na kwa karibu mwezi mzima kila nilipomkaribia alificha mikono kwapani. Mwalimu wa darasa hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Wewe ukifunikwa macho ghafla na mtu usiyemjua, na mdomo akakuziba, utafanyaje?" Kwa mtoto yule mikono ndiyo macho, ndiyo masikio, ndiyo mdomo. Mimi nilikuwa nimevikamata vyote kwa mpigo.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa mwanafunzi kama huyu, anza hapa: mkono wako uwe chini, wa kwake uwe juu. Ukimfundisha kufunga kamba za viatu, kaa nyuma yake au ubavuni, nyote wawili mkielekea upande mmoja. Mikono yako ifunge, yake ipande juu ya yako. Akichoka, anaitoa. Akitaka kujua zaidi, vidole vyake vitateleza mbele ya vyako, na hapo ndipo pa kupunguza kazi yako kidogo kidogo, mpaka wewe ndiye unayemfuata.

Kabla ya yote hayo, mjulishe kwamba umefika. Mguse begani, ubaki hapo hapo mpaka ageuke, kisha umpe alama ya jina lako. Mimi huvaa kikuku cha shanga. Akikipapasa anajua ni nani, kwa hiyo sikiachi nyumbani hata siku moja. Ukiondoka, muage. Usipomuaga ataendelea kukuongelesha na wewe haupo, na hilo linamuumiza mtoto kuliko unavyodhani. Kucha fupi, mikono safi. Hayo sihitaji kuyarefusha.

Usidhani wote wako gizani na kimyani kabisa. Wengi wana uoni kidogo au usikivu kidogo, na kazi yako ni kujua ni kiasi gani, upande gani, saa ngapi. Mwenye hali ya kurithi iitwayo Usher kwa kawaida huzaliwa kiziwi au na usikivu hafifu, kisha uoni wake hupungua taratibu: kwanza usiku, halafu pembeni, mpaka anabaki kama anayechungulia kwenye bomba. Huyo simama mbele yake, si karibu mno, alama zako za mikono zisitoke nje ya kile kiduara anachokiona. Dirisha lisiwe mgongoni mwako. Na blauzi iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yako. Kitenge chenye maua mengi kinameza vidole. Wengine mama zao walipata rubela miezi ya mwanzo ya mimba. Ugonjwa huo hugusa macho, masikio na hata moyo, basi lisome faili lake kabla ya kumkimbiza uwanjani. (Hapa Tanzania chanjo yake hutolewa pamoja na ya surua tangu 2014.)

Linaloshinda wasaidizi wengi ni kusubiri. Ukishampa alama kiganjani, tulia. Hesabu moyoni hadi kumi, na wengine uwahesabie hadi thelathini. Ukirudia haraka haraka unamkatiza katikati ya kufikiri. Watu hupenda kusimulia jinsi Helen Keller, Mmarekani kiziwi asiyeona, alivyolielewa neno "maji" kwenye pampu tarehe 5 Aprili 1887, lakini mwalimu wake, Anne Sullivan, alikuwa amefika Alabama tarehe 3 Machi. Wiki zote zile alimwandikia maneno kiganjani, naye hajui kwamba ni maneno. Na Helen alikuwa amesikia na kuona hadi umri wa miezi 19. Aliyezaliwa hivi ana safari ndefu zaidi, usimhesabie wiki.

Ndiyo maana tunatumia vitu. Tuna sanduku lenye vyumba kwa mpangilio wa siku: kikombe cha bati ni uji, kipande cha kamba ni bembea, kipande cha karatasi nene ni somo la nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Anashika kitu, anakwenda, anafanya, anakirudisha kwenye chumba cha "kwisha". Kikombe kiwe kile kile kila siku. Ukikibadilisha kwa sababu umepata kizuri zaidi, umembadilishia neno.

Darasani usimfikishie ya ubaoni tu. Mwambie nani amecheka, nani hayupo, kwamba mvua imeanza na ndiyo maana mwalimu amenyamaza. Wenzake wakikuuliza "Anataka nini?" usimjibie, peleka mkono wa aliyeuliza kwa mwenyewe.

Binti yule wa beseni nilirudi kwake kwa kukaa tu kando, mkono wangu wazi juu ya meza, kila asubuhi. Wiki ya nne alikigusa kikuku. Muhula uliofuata, siku moja saa mbili, uji ungali jikoni, alikwenda mwenyewe kwenye sanduku, akapapasa vyumba, akatoa kikombe. Akakiweka kiganjani mwangu, akasubiri.