Maswali Yenu: Ramani za Zamani za Indiana na Illinois

Ramani hizi napakua wapi bure?
Swali hili linarudi kila mara. Ziko kwenye topoView, tovuti ya USGS (idara ya serikali ya Marekani inayopima na kuchora ramani), ramani zaidi ya 178,000 za Marekani nzima kuanzia 1884. Anayekuuzia faili lake anakuuzia mali ya umma.

Ramani yangu ni ya 1912. Mbona haina reli iliyojengwa 1900?
Kwa sababu umesoma mwaka wa chapa. Shuka kwenye pambizo utafute mwaka wa upimaji. Nakala zilipokwisha, ramani ilichapwa tena bila mpimaji kurudi uwandani. Ukiandika "ramani ya 1912" ukaishia hapo, unawapotosha wenzako. Hata rangi ya zambarau inayoonyesha mabadiliko kwenye matoleo ya baadaye si ya kuaminiwa sana: iliongezwa kutokana na picha za angani, wala hakuna aliyekwenda kuhakiki.

Nataka kununua nyumba karibu na Mto Kankakee, Indiana. Mto umenyooka na uko mbali. Ramani ya zamani itanisaidia nini?
Itakusaidia sana. Mto huo ulijipinda kwa takriban maili 240 ndani ya kinamasi cha karibu ekari 500,000. Watu wakataka mashamba, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa umechimbwa na kunyooshwa, zikabaki kama maili 90 hadi mpaka wa Illinois. Tazama mpaka wa kaunti za Lake na Newton: vistari vyake vinakwenda kombo huku na huku, ilhali mstari wa buluu wa mto umenyooka kama uzi. Mpaka umebaki kwenye mkondo wa zamani. Tafuta kiwanja chako kwenye ramani ya zamani, kisha usome kontua, yaani mistari ya mwinuko wa ardhi. Nchi ile ni tambarare, futi 5 zinatosha kuleta maji mlangoni. Dalali akikuambia hapajawahi kufurika, usitie saini kabla ya kuona ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko.

Vile vimraba vyeusi ni nini?
Majengo. Chenye bendera ni shule, chenye msalaba ni kanisa.

Ramani za kwanza hazionyeshi vijiji vya wenyeji. Je, ardhi ilikuwa tupu?
Hapana! Wapotawatomi walifukuzwa Indiana kwa mtutu wa bunduki mwaka 1838 na kupelekwa Kansas kwa miguu. Zaidi ya 40 walifia njiani, wengi wao watoto. Wapimaji wa USGS walifika miongo kadhaa baadaye. Msitumie ramani hizi kuthibitisha nani alitangulia.