Breki Ikitetemesha, Usikimbilie Diski

Ukianza kazi ya ufundi utakutana nalo mapema: gari la 4WD la miaka mingi, linakwenda vizuri tu, lakini dereva akikanyaga breki akiwa kwenye 80 usukani unamcheza mikononi. Mara nyingi mwenye gari ameshaambiwa "diski zimepinda" (zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi za breki), na pengine kaja na mpya mkononi. Zipokee, uziweke kando. Diski mpya ikifungwa juu ya tatizo la zamani hutulia kwa muda, kisha mtetemo unarudi, na safari hii lawama ni zako.

Endesha gari kwanza, jeki baadaye. Kama linatetemeka hata bila breki, hiyo ni habari ya matairi, balansi au propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli). Kama ni kwenye breki tu, angalia kinachotikisika. Usukani ukicheza, anzia mbele. Kiti na sakafu vikitikisika huku usukani umetulia, shuku nyuma, ambako magari mengi ya zamani yana breki za ngoma badala ya diski. Ili kuhakikisha, tafuta barabara tupu, nenda mwendo mdogo, kisha vuta breki ya mkono taratibu huku kitufe chake umekibonyeza. Mtetemo ukija, umeshajua pa kufungua. Ila hakikisha kwanza breki hiyo inashika magurudumu ya nyuma. Kwenye Land Rover Defender za zamani, kwa mfano, inashika propela shafti, na hiyo haijaribiwi gari likiwa linatembea.

Sasa inua mbele, weka stendi (usiiamini jeki peke yake), shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwite mwenzako akanyage breki na aishikilie, halafu utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi za habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) zimelegea, kwa sababu breki imeifunga habu isicheze. Mchezo ukibaki palepale, tafuta kwenye kingpini au boljointi, yaani viungio ambavyo gurudumu hugeukia. Jaribio hili halichukui hata dakika mbili wala halihitaji kifaa, na bado nashangaa mafundi wangapi wanaliruka.

Beringi ndizo ninazozishuku kuliko kitu kingine kwenye magari haya. Nyingi ni za kukazwa kwa mkono, zenye nati mbili na washa ya kufungia katikati. Kaza nati ya ndani huku unazungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha uikaze upya kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukishafunga nati ya nje pima tena, maana yenyewe huongeza mkazo.

Diski yenyewe mara nyingi haijapinda, bali unene wake hauko sawa. Habu ikiyumba kidogo, sehemu moja ya diski inagusa pedi kila mzunguko hata mguu ukiwa mbali na breki, na sehemu hiyo inalika polepole. Tofauti ya unene ya 0.02 mm tu inaweza kutosha dereva kuisikia. Kwa hiyo venia (kipimo cha taya) haikusaidii hapa, hasa ukizingatia kwamba inakaa juu ya ule ukingo wa kutu pembeni na kukudanganya. Tumia mikrometa, upime sehemu nane kuzunguka diski, zote kwa umbali uleule kutoka ukingoni. Linganisha na unene wa chini kabisa, ambao kwa kawaida umechapwa kwenye diski yenyewe. Ikishafika hapo, usiipeleke kuchongwa.

Kuyumba kunapimwa kwa geji ya mshale (inayoonyesha diski ikisogea hata kidogo), beringi zikiwa zimeshakazwa sawasawa. Kwenye Land Cruiser za zamani diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, kwa hiyo lazima habu itoke. Usione uvivu: ndiyo nafasi ya kuosha beringi na kuzipaka grisi mpya. Sugua uso wa habu mpaka chuma king'ae, maana chembe moja ya kutu hapo inageuka kuyumba kukubwa kwenye ukingo wa diski. Bado inayumba? Isogeze diski tundu moja la bolti, upime tena. Wakati mwingine inatulia bila kununua kitu.

Kalipa, ile inayobana pedi, usiisahau. Pedi moja ikiwa nyembamba kuliko mwenzake wa gurudumu hilohilo, kuna pistoni au pini iliyoganda.

Kuna watakaokushauri ubadilishe shokamsoba ya usukani. Mtetemo utapungua kweli, lakini umeuficha tu. Bushi za ekseli zilizokwisha ni hivyohivyo: zinaukuza mtetemo, ni nadra kuuanzisha. Zibadilishe, ila baada ya breki.

Pedi mpya zinahitaji kufundishwa. Kutoka 60 punguza hadi 10 hivi bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa, kisha endesha bila breki zipoe. Ukisimama na mguu umebana wakati diski ni ya moto, pedi huacha alama yake hapo, na mtetemo unaanza upya.

Nati za tairi zikaze kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya kipimo, si kwa bunduki ya upepo. Baada ya kilomita 100 hivi mwambie mwenye gari arudi uzikague tena.