Mwache Mzee Ashike Neno Lake la Siri

Wiki hii msomaji wa Kilifi ameniandikia. Kafungua saiba, duka la huduma za kompyuta, kalipia intaneti, ila wazee wa mtaani kwake bado wanapanda matatu alfajiri kwenda kupanga foleni ofisini. Anauliza, watazoea lini eCitizen, tovuti ya huduma za serikali?

Ndugu yangu, simu wameshaizoea kitambo. Mama muuza mahamri hapa Kisauni anapokea M-Pesa kutwa nzima bila kuuliza mtu. Tangu serikali ilipozindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen Juni 2023, wengi wanaonijia saibani kwangu wana akaunti tayari. Walifunguliwa na kijana wa saiba fulani, kwa laini yake na neno la siri analolijua yeye tu. Namba ya uthibitisho ikitumwa, inaingia kwa mtu aliyekwisha hama mji. Mzee akisema bora foleni, utamlaumu?

Mamangu yalimkuta hayo hayo. Akaenda ofisini, karani akamsukumia kitambulisho chake bila hata kumtazama: "Nenda mtandaoni." Uchungu wa siku ile ninao hadi leo. Sasa mamangu anaingia mwenyewe, kwa laini yake, na najivunia hilo kuliko mashine zangu zote.

Basi fungua akaunti kwa laini ya mteja. Msogezee kibodi aandike neno la siri mwenyewe, hata akikaa robo saa. Gharama mwambie mapema: kwa mfano, cheti cha tabia njema cha polisi ni shilingi 1,050, na hiyo 50 ni ada ya mfumo. Alipe kwa namba ya Paybill 222222 kwa simu yake, ujumbe auone kwa macho yake. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukimpa karatasi mbili atarudishwa, na nauli yake imekwenda. Tena mweleze kabisa kwamba kuchukuliwa alama za vidole lazima aende mwenyewe, Huduma Centre au ofisi ya upelelezi wa jinai (DCI).

Sisi tunaokaa mbele ya hizi kompyuta ndio serikali anayoiona mzee. Ukimshikia neno lake la siri ili arudi kukulipa kila mara, unamla, na Mungu anakuona. Laini ni yake, akaunti ni yake.

Na siku mfumo ukilala, kama uliposhambuliwa Julai 2023, usipokee pesa ya mtu ukimwambia asubiri kidogo. Chukua namba yake, aende zake nyumbani, umpigie mambo yakirudi sawa.